Mgeni wa Siku ya Singo

Kama ndiyo kwanza unaanza kunisoma, chukua haya machache, yatakutosha. Naitwa Raudha, binti wa Zahoro, wa hapa hapa Tunduma. Mwaka jana lori la baba lilianguka njia ya Chitete likaungua na mzigo wote. Baada ya hapo kaka yangu akavuka mpaka kwenda Zambia kutafuta maisha, mpaka leo simu yake haipatikani. Kisha Yassir akaniposa, nikajua mikosi imetuacha.

Wiki iliyopita niliishia hapa: nimekaa kwenye mkeka, wanawake wananisugua singo mwili mzima, kesho yake ni ndoa. Mara Mama Lusubilo akasimama nje ya kizingiti akasema, "Nimekuja kumwona mwanangu kabla hajaolewa."

Naendelea hapo.

Aliyekuwa akipiga kigoma alibaki na mkono juu.

Hakuna aliyehitaji kuuliza mgeni ni wa upande gani. Ilikuwa kiangazi, vumbi limetufika vifundoni, lakini miguu ya yule mama ilikuwa safi kama imetoka kuoshwa. Vumbi la Tunduma haliwashiki wenzetu.

Wenzetu ndivyo tunavyowaita, na wao hawakatai. Wanakaa milimani upande wa Ihanda, nyuma ya mashamba ya kahawa, na wanashuka sokoni na uyoga. Shuleni nilisoma na watatu, walipenda kukaa dirishani. Hawali chumvi. Na hawasemi uongo. Ukiwauliza jambo watakujibu au watanyamaza. Hakuna la tatu.

Mama yangu, Bi Mwanakombo, alisimama.

"Umekosea nyumba," alisema.

"Sijakosea, Mwanakombo."

"Hapa hakuna mwanao."

"Yupo. Amekaa kwenye mkeka."

Mama alinigeukia. "Raudha, ingia ndani!"

"Mama, niko ndani."

Mtu mmoja alicheka, akajikatiza.

Mama Lusubilo alikuwa amekonda, shingo imebaki mishipa. Alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili. "Nilimnyonyesha," alisema. "Ulipojifungua ukaugua, ukawa humjui mtu. Mumeo alikuwa safarini Kongo. Nilimchukua mtoto nikaenda naye kwetu, akanyonya mpaka ulipopona. Umesahau?"

"Sijasahau," alisema mama, sauti imekwenda chini.

Ndiyo mara yangu ya kwanza kusikia. Nilimtazama yule mama nikasubiri moyo ushtuke. Nilichohisi ni singo inavyokauka mgongoni. Ilikuwa inawasha.

Hapo ndipo Bi Zuleha, mama yake Yassir, alipoweka chini sahani ya halua. Aliiweka taratibu, akaenda mlango wa uani, akavaa kandambili za mtu mwingine.

"Zuleha, usiondoke," Mama Lusubilo alimwita. "Na wewe nimekujia."

"Mimi sikujui."

"Mwanao pia nilimnyonyesha. Ndiyo maana nimekuja. Jana sokoni ndipo niliposikia jina la bwana harusi."

Shangazi yangu aliyekuwa ananisugua aliondoa mkono begani kwangu. Hata watoto wa madrasa wanajua: walionyonya ziwa moja hawaoani.

"Basi hawa ni ndugu," shangazi alisema.

"Mwongo!" Bi Zuleha alipiga kelele. "Yassir hajapata kunyonya kwa mtu! Mwongo mkubwa huyo!"

"Zuleha, wenzetu hawasemi uongo," shangazi alimwambia.

"Nani kawaambia hawasemi uongo? Si wao wenyewe?"

Shangazi alifunika bakuli la singo.

Mchana ule ule wanaume walikaa barazani. Mimi nilikaa nyuma ya pazia, singo bado mwilini, kwa kuwa hakuna aliyeniambia nikaoge.

Aliyeitwa kuamua ni Ustadh Abdulrahim wa msikiti wa mtaani kwetu. Bado kijana, na alikuwa anatoka nje kila mara kumpigia simu mwalimu wake. Mama Lusubilo alikaa kwenye ngazi, kwa sababu wenzetu hawapandi baraza ya mtu mpaka waitwe kwa jina, na siku ile hakuna aliyemwita.

"Uliwanyonyesha mara ngapi?" Ustadh aliuliza.

"Walinyonya wakashiba, kutwa kucha, wiki nyingi. Kuna mama anayehesabu?"

"Walikuwa wamefika miaka miwili?"

"Walikuwa hawajaota jino."

Baba yake Yassir aliingilia. "Samahani, Ustadh. Watoto wawili wakinywa maziwa ya mbuzi mmoja, wanakuwa ndugu?"

"Hapana."

"Basi na huyu siyo mtu. Maziwa yake yatafanyaje undugu?"

"Mimi si mbuzi," alisema Mama Lusubilo. Hakusema kwa hasira.

Ustadh alivua miwani akaifuta kwa kanzu. Aliifuta muda mrefu.

"Huyu mama anasema, ana akili, ana jina, anaona haya," alisema mwishowe. "Mimi siwezi kumweka zizini halafu nikalala usingizi. Na hata kama ni shaka tu, wazee wangu, ndoa haijengwi juu ya shaka."

"Kwa hiyo?" baba aliuliza.

"Kwa hiyo hakuna ndoa."

Yassir alikuwa amekaa mwisho wa mkeka. Nilimwona kupitia upenyo wa pazia. Alikuwa anachuna uzi mkekani.

Baba alikuja nyuma ya pazia. "Umesikia, mama?" Huniita mama anaponionea huruma.

"Nimesikia."

"Una la kusema?"

"Naweza kwenda kuoga?"

Alinitazama kidogo. "Nenda ukaoge."

Pilau ya harusi ilipikwa kesho yake kama ilivyopangwa kwa sababu ng'ombe alikuwa ameshachinjwa. Majirani walikula. Shangazi alikaa kando yangu na kanga mkononi, tayari kunifuta machozi. Alikaa hivyo mpaka akasinzia.

Sikulia. Sijisifu. Mama husema hata uchangani sikuwa na kilio. Sasa wanawake walikuwa na sababu ya kunong'ona jikoni: ni yale maziwa, na wenzetu nao hawalii. Mimi sijui. Nilikula pilau. Ilikuwa nzuri.

Kabla ya magharibi Yassir alikuja getini. Mtu huyu tulikuwa tunaongea kwenye simu mpaka chaji inaisha, anahamia simu ya mdogo wake. Alikuwa akiniita Rau. Alishaniambia tutakapopanga nyumba, barabara ya Mpemba, yenye dirisha la jikoni linaloangalia uani kwa sababu nilisema napenda.

Alisimama hatua kadhaa mbali, mikono mifukoni.

"Pole, dada," alisema.

"Asante, kaka."

Nilijisikia nikisema. Tulikuwa tumetii haraka sana, wote wawili. Akageuka, akaondoka, na mimi nikafunga geti.

Zilipita siku. Nilifua, nilipika, nilirudisha vyombo vya kuazima. Kisha simu yangu ikaita, namba ngeni.

"Wewe ni Raudha? Mimi Damiano wa Ihanda, mkulima. Ni jirani wa mama yako."

"Mama yangu yuko jikoni."

"Yule mwingine."

Nilikaa chini.

"Mgonjwa?"

"Anaondoka, binti. Ila hawezi kuondoka. Kwa hawa wenzetu macho hayafungwi na mtu baki. Anafunga aliyenyonya kwake. Amelala macho wazi tangu juzi, hapepesi. Anawataka wewe na yule kijana. Nimeshampigia na yeye. Njooni, mimi mwenyewe kumtazama siwezi tena."

Nilikwenda jikoni. Mama alikuwa anachambua mchele kwenye ungo.

"Mama, Mama Lusubilo anakufa. Anataka nikamfunge macho."

Hakuinua uso. "Huendi."

"Mama, ni mtu anakufa."

"Watu wanakufa kila siku."

"Huyu alininyonyesha."

"Ukienda hutarudi!" Alinishika kifundo cha mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto. "Watakubakiza. Nakwambia watakubakiza."

"Kwa nini wanibakize?"

Aliniachia. Akarudi kwenye mchele, lakini vidole vilikuwa vinachambua pale pale palipokuwa safi.

Baba alisikia kutoka uani. "Mwache aende, Mwanakombo," alisema. "Mtu aliyekunyonyesha unamzika. Huo ndio utu."

Mama aliinamia ungo wake.

Yassir alikuja na pikapu ya baba yake. Nilikaa mbele, mkoba katikati yetu. Tulipita foleni ya malori yanayosubiri kuvuka, refu mpaka Mpemba, madereva wamelala chini ya magari yao, na hatukuongea mpaka lori la mwisho likabaki nyuma.

"Mama yako anajua tunakwenda?" niliuliza.

"Amejifungia chumbani tangu siku ile. Chakula hataki. Nimegonga nikamwambia naenda Ihanda, hakujibu." Akabadili gia. "Na wewe?"

"Mimi nakula."

Mibuni ya kwanza ikaanza kuonekana.

"Raudha, wewe huumii?"

"Sijui."

"Hujui vipi?"

"Najua natakiwa kuumia. Nangoja."

Alicheka, kicheko kibaya. "Mimi duka la yule fundi siwezi hata kulipita. Gauni lako bado limetundikwa pale mbele."

"Pita njia ya nyuma."

Nilimaanisha kumsaidia. Alinitazama kama nimempiga kofi, akarudisha macho barabarani. Hakunisemesha tena mpaka Ihanda.

Nyumba ya Mama Lusubilo ni nyumba kama nyingine, ya tofali za kuchoma, imezungukwa na mibuni. Damiano alikuwa mlangoni, mtu mzima mwenye koti kuukuu, kofia mkononi.

"Ingieni, wanangu. Ameshawaita kwa majina tangu asubuhi, hamhitaji kubisha."

Ndani kulinukia uyoga uliokaushwa. Mama Lusubilo alilala kwenye kitanda cha kamba, amefunikwa shuka mpaka kifuani. Macho yalikuwa wazi kabisa. Damiano alisema kweli, hayakupepesa.

"Mmekuja."

"Tumekuja, mama," Yassir alisema. Neno lilimtoka bila taabu.

Alituonyesha tukae, huyu huku, huyu huku, akatushika mikono. Mkono wake ulikuwa mwepesi kama ganda la hindi.

"Mlikuwa mmependana?"

"Ndiyo," alisema Yassir.

"Ndiyo," nilisema na mimi.

"Mnisamehe."

"Umefanya la haki, mama," Yassir alimwambia. Machozi yalikuwa yanamdondoka shingoni. Mimi nilitazama ukuta. Kulikuwa na mstari wa sisimizi.

Nikaona ni vibaya kukaa kimya mbele ya mgonjwa, nikauliza tu lile ambalo mtu yeyote angeuliza. "Na Lusubilo ameshaarifiwa?"

Watu wote wanamwita Mama Lusubilo, lakini sikupata kusikia Lusubilo mwenyewe yuko wapi. Nilidhani labda yuko Mbeya, au amekufa zamani.

"Lusubilo yuko hapa," alisema.

Niligeuka. Damiano alikuwa amekwenda uani. "Hapa wapi?"

"Humu ndani."

Humu ndani tulikuwa watu watatu.

"Pale barazani kwenu waliniuliza kama niliwanyonyesha," aliendelea. Alikuwa anavuta pumzi kila baada ya maneno machache. "Nikajibu. Hakuna aliyeniuliza kama nilimzaa mmoja wenu."

Yassir aliuachia mkono wake. "Unasema nini?"

"Mwaka ule watoto wetu walikuwa wanafifia. Hawafi. Unamlaza jioni mtoto mzima, asubuhi unaona kamba za kitanda kupitia tumboni mwake. Siku ya pili unaona zaidi. Siku nyingine kitanda kitupu. Lusubilo wangu alipoanza, nikaambiwa mtoto akilelewa na watu akala chumvi yao, atabaki. Nikampeleka kwa watu."

"Kwa nani?" Yassir aliinuka nusu. "Mama, kwa nani?"

Alifungua mdomo kujibu.

Nje bodaboda ilifunga breki. Nilimsikia Damiano anasema, "Mama, subiri kwanza, mama," na mlango ukasukumwa ukagonga ukuta.

Alikuwa mama yangu. Bila ushungi. Mama yangu ambaye hata dukani hatoki kichwa wazi, alisimama pale nywele zimejaa vumbi la njia nzima, mguu mmoja hauna kiatu.

"Usiwajibu!" alisema. "Nimekuja mwenyewe. Usiwajibu!"

Akapiga magoti kando ya kitanda, pale pale nilipokuwa nimekaa, akanisukuma bega mbele.

"Huyu hapa. Si umemfuata? Chukua. Nimemlea, sijampiga, sijamnyima chochote, muulize mwenyewe. Mchukue. Lakini niambie wangu ulimzika wapi."

"Mama," nilisema, "wako nani?"

Hakunitazama. Alikuwa anaongea na yule mama wa kitandani.

"Ulimchukua mtoto mwembamba kama kijiti, analia usiku na mchana. Ukanirudishia mnene, kimya, hata akichomwa sindano halii. Nilijua siku ile ile nilipompakata. Zahoro alirudi safari akamwona, akafurahi mpaka akasujudu, ningemwambia nini? Nikanyamaza. Nikawa namwongezea chumvi kwenye sahani yake, yake peke yake, nione kama atatapika. Hatapiki. Nikasema anajizoesha. Kila mwaka nasema mwaka huu watakuja kumchukua. Alipoposwa nikasema afadhali, akiwa kwa mumewe watamkuta huko, sitaona mimi."

Miaka yote hiyo nilidhani mama ana mkono mzito wa chumvi. Nilikuwa nakunywa maji tu.

Yassir alikuwa ananitazama. Nilijitazama mikono. Ilikuwa ile ile, bado ina rangi ya hina ya harusi.

Nilijaribu kulisema kichwani: mimi ni Lusubilo. Lilikaa pale kama jina la mtu niliyesoma naye.

"Mwanakombo," Mama Lusubilo aliita.

"Abee," mama alijibu, kwikwi imemshika.

"Siyo huyu."

"Nini?"

"Huyu ni wako. Alinenepa kwa sababu alishiba. Alinyamaza kwa sababu alishiba. Nilikurudishia yule yule niliyemchukua."

Uani Damiano alikuwa anamlipa yule wa bodaboda, sauti zao zinasikika kama za nchi nyingine.

Mama alinigeukia. Alinitazama paji la uso, akashuka puani, mdomoni, akarudi machoni. Nina miaka ishirini na sikumbuki kama aliwahi kunitazama hivyo. Aliinua mkono kuja shavuni kwangu, ukafika katikati, ukasimama.

Ningeweza kuushika. Hata kusogea kidogo tu kungetosha. Nilikaa.

"Raudha," aliniita, kama anauliza.

"Naam, mama."

Akaanza kulia kwa sauti, kichwa kwenye mapaja yangu. Niliweka mkono juu ya nywele zake. Niliona mwenyewe jinsi ulivyokaa, kama mkono wa mtu anayezuia karatasi isipeperuke.

Ndipo tukakumbuka kwamba mle ndani watoto tulikuwa wawili.

Yassir alikuwa amesimama, mgongo ukutani. Rangi imemtoka midomoni. Alikuwa anapapasa mfuko wa suruali kwa sababu simu yake ilikuwa inaita. Akaitoa. Kwenye kioo paliandikwa *Mama*.

Iliita mpaka ikakatika.

"Lusubilo," alisema yule wa kitandani, akimtazama yeye.

Simu ikaanza tena. Yassir aliitazama, akamtazama aliyemwita, akaja mpaka nilipo akaniwekea simu mkononi.

"Pokea wewe."

"Nimwambie nini?"

"Pokea tu, Rau."

Alikuwa ameniita Rau. Nilipokea, nikaiweka sikioni. Bi Zuleha hakungoja salamu.

"Yassir? Yassir, mwanangu, husikiki tena mlangoni, nimetoka, kumbe kweli umekwenda Ihanda. Sikiliza mama yako. Ukinichukia, nichukie baadaye."

"Siyo Yassir, mama. Ni Raudha."

Nilisikia anahema.

"Ameshajua?"

"Ameshajua."

"Yuko hai yule mama?"

Nilitazama. Kifua chini ya shuka kilikuwa kinapanda kidogo sana, midomo inacheza lakini haitoi sauti tena. Macho wazi.

"Bado kidogo," nilisema.

"Nisikilize basi, binti yangu, nisikilize vizuri. Siku aliyonipa mtoto alinipa sharti moja. Macho yake atafunga aliyenyonya tu. Mtoto aliyemzaa mwenyewe asimfunge. Aliyemzaa akimfunga macho wanaondoka wote wawili, umenielewa? Wote wawili. Fanya wewe. Mzuie Yassir, fanya wewe!"

"Nimeelewa," nilisema.

Kichwa cha mama kilikuwa bado kizito mapajani mwangu. Nikainua uso.

Yassir alikuwa amepiga magoti upande wa pili wa kitanda. Alikuwa analia bila sauti, na kiganja chake kilikuwa kimeshafika usoni mwa mama yake.